Masomo ya likizo kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne: tuchague yapi?

Mama Rukia, Jinja

Asalaam aleikum. Nawasalimu wazazi, walimu na wanafunzi, nikiomba ushauri wa watu ambao wamekwisha kulipitia jambo hili.

Binti yangu yuko Kidato cha Nne katika shule ya kutwa hapa Jinja, na mwezi wa Oktoba ataanza mtihani wa UCE, yaani mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne. Likizo ya muhula wa pili, ambayo ni ya takriban wiki tatu, ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kurudia masomo kwa utulivu, kwa maana muhula wa tatu ukifunguliwa tu, mtihani unakuwa umeshafika mlangoni. Katika mtihani wa mok, ule wa majaribio wa shuleni, alipata A katika Kiswahili, B katika Kiingereza na Historia, C katika Jiografia, Biolojia na Fizikia, lakini Hisabati na Kemia alipata D. Kemia ndiyo inayomliza, kwa sababu tangu akiwa darasa la tano amekuwa akisema kwamba atakuwa mkunga kama marehemu nyanya yake.

Tuna njia tatu mbele yetu. Ya kwanza ni kambi ya bweni pembezoni mwa Kampala, wiki tatu kamili kwa shilingi 480,000, chakula na malazi ndani yake, ambako watoto huamshwa saa kumi na moja alfajiri na kusoma hadi saa nne usiku. Tangazo lao limejaa picha za vijana waliofaulu. Ya pili ni mwalimu wa Hisabati na Fizikia anayeishi Walukuba, ambaye huwafundisha watoto tisa barazani kwake kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, kwa shilingi 120,000. Ya tatu ni masomo ya mtandaoni kwa Zoom na WhatsApp, shilingi 60,000, bila kuhesabu bando.

Mume wangu anapendelea kambi, akisema kwamba mtoto akikaa nyumbani atatumwa sokoni na kuangalia televisheni ya jirani. Mimi nasitasita, wala si kwa sababu ya fedha peke yake. Kila ninapouliza kambi ni nzuri kwa lipi, naambiwa saa ni nyingi na walimu ni wakali. Je, mzazi ambaye hakusoma sayansi atajuaje kwamba masomo haya yatamsaidia mtoto wake na hayatamchosha bure? Pia nimesikia kwamba Wizara inakataza kusomesha wakati wa likizo. Nisije nikampeleka mtoto mahali patakapofungwa katikati ya wiki ya pili.

Mwalimu Mstaafu, Mbale

Wa aleikum salaam, Mama Rukia. Nimefundisha Kemia na Biolojia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na naomba uniwie radhi kwa urefu wa jibu langu, kwa kuwa swali lako ni la msingi na wengi hulirukia.

Kabla hujachagua mahali, mwombe binti yako alete karatasi zake za mok, zile zenye wino mwekundu, wala si ripoti yenye herufi peke yake. Kaeni nazo mezani. Katika kila swali alilopoteza alama, mwulize kwa upole ni kwa nini alizipoteza, kisha mwandike pembeni mojawapo ya sababu tatu: hakuijua mada yenyewe, aliijua mada lakini hakuweza kuitumia katika swali, au aliijua na angeweza kuitumia, ila hakulielewa swali au muda ulimwishia. Kazi hii haihitaji mzazi aliyesoma sayansi, inahitaji subira ya jioni moja au mbili. Mtoto asiyeijua mada anahitaji kufundishwa upya, anayeijua lakini hawezi kuitumia anahitaji mazoezi yanayosahihishwa, na yule wa tatu anahitaji kuandika majibu huku saa ikiwa mezani. Ukilipa shilingi 480,000 kabla ya kujua mtoto wako yuko katika kundi lipi, ni kama kununua dawa kabla ya kupimwa.

Nasisitiza hivyo kwa sababu mtihani wenyewe umebadilika. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza na Kidato cha Kwanza mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya UCE mwaka 2024. Zamani mwanafunzi angeulizwa, "Maji magumu ni nini? Taja njia mbili za kuyalainisha," na aliyekariri daftari angejibu na kupata alama zake. Sasa anaweza kupewa habari ya mama mmoja mwenye biashara ya kufua nguo, ambaye tangu ahamie mtaa mpya anatumia maji ya kisima, sabuni inamwishia haraka, povu halitoki, na nguo nyeupe zinabaki na utando. Kisha anaambiwa amweleze mama huyo kinachotokea na amshauri la kufanya. Neno "maji magumu" halionekani popote katika swali. Mwanafunzi lazima alitambue mwenyewe, aeleze kwamba maji hayo yana ioni za kalsiamu au magnesiamu zinazoungana na sabuni na kufanya utando, aonyeshe kwamba kuchemsha huondoa ule ugumu wa muda tu ilhali magadi ya kufulia, yaani kaboneti ya sodiamu, huondoa ugumu wa muda na ule wa kudumu pia, na mwishowe apime ni njia ipi inayomfaa mfanyabiashara anayelipia mkaa kila siku. Nimewaona watoto wanaoijua mada hii neno kwa neno wakiacha ukurasa mtupu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza kwa namna hiyo.

Kwa hiyo, ukifika mahali popote panapotangaza masomo ya likizo, omba uonyeshwe maswali waliyowapa wanafunzi wiki iliyopita. Kama ni ya "taja" na "fafanua" tangu mwanzo hadi mwisho, mahali hapo bado pamekaa katika mtaala wa zamani, hata kama picha za waliofaulu zimefunika ukuta mzima. Pili, omba kuona daftari la mwanafunzi yeyote. Tafuta wino wa mwalimu. Ukiona kurasa 30 za notisi zilizonakiliwa ubaoni na hakuna hata jibu moja lililosahihishwa kwa maelezo, fahamu kwamba unalipia kunakili. Hili la pili ndilo ninalolitilia uzito kuliko mengine yote. Mtoto hupanda alama pale anapoandika jibu lake mwenyewe, likasomwa na mtu anayejua, likarudishwa likiwa na maelezo ya kilichokosekana, naye akaliandika tena. Darasa la watoto 9 linaweza kufanya hivyo. Darasa la watoto 80 lenye mwalimu mmoja haliwezi, hata likisoma usiku kucha.

Kuhusu Wizara, ni kweli kwamba Wizara ya Elimu na Michezo imetoa marufuku mara kwa mara dhidi ya shule zinazowabakiza au kuwaita wanafunzi kwa masomo ya likizo. Zipo shule zinazokaidi, na utazitambua kwa kuwa watoto huambiwa waje bila sare ili mkaguzi akipita wasionekane. Mimi singempeleka mtoto wangu mahali panapoanza kwa kumfundisha kujificha. Mwalimu anayewasaidia watoto wachache wa mtaani kwake si sawa na shule iliyofungua madarasa kinyume cha agizo, lakini ni vyema uzungumze na mwalimu mkuu wa shule ya binti yako ili ajue mtoto anafanya nini.

Neno moja zaidi. Katika alama za mwisho za UCE, asilimia 20 hutokana na tathmini endelevu inayofanywa na shule yake, na asilimia 80 hutokana na mtihani wa mwisho. Hakuna kambi inayoweza kumwongezea chochote katika zile 20. Ikiwa kuna kazi ya mradi au shughuli ambayo hajaikamilisha shuleni, iulizie kabla likizo haijaanza, kwa maana hiyo ni mali yake ambayo haihitaji kununuliwa popote.

Baba Ayub, Arua

Mama Rukia, nimesoma maneno ya Mwalimu nikatamani ningeyapata mwaka jana.

Nilimpeleka kijana wangu katika kambi ya namna hiyo hiyo. Sitaitaja, kwa kuwa sikuja kumchafulia mtu jina. Niliona ratiba ya saa kumi na saba nikasema huo ndio ukakamavu. Nilipomtembelea Jumapili ya pili nilikuta watoto 84 katika ukumbi mmoja, wa mwisho wakisoma ubao kwa kuazimana miwani, na kijana wangu akiwa na homa ya siku tatu ambayo hakuna aliyeiripoti kwangu. Tulipompima alikuwa na malaria. Alirudi nyumbani na madaftari matatu makubwa yaliyojaa. Nilimwomba aniambie ni maswali mangapi aliyoyajibu mwenyewe, akafikiri kwa muda mrefu, akasema hakumbuki hata moja. Wiki ya kwanza ya muhula wa tatu ilipita akiwa amelala tu, na zile siku ndizo alizohitaji kuwa macho.

Hata hivyo, sitaki kusema kwamba bweni ni baya kwa kila mtoto. Binti wa dada yangu anaishi katika chumba na sebule na watu saba, duka likiwa mlango wa mbele, na hakuna saa ambayo nyumba ile inakuwa kimya. Kwake yeye wiki mbili za bweni zilikuwa neema, kwa sababu alipata meza, taa na wenzake wa kuulizana. Kambi aliyokwenda ilikuwa ya watoto 40 na walimu sita, wakilala saa tatu na nusu usiku. Kwa hiyo mpime mtoto pamoja na nyumba yake.

Kama mtaamua kambi, tafadhali nenda mwenyewe, tena usiende siku wanayowaalika wazazi. Angalia mahali wasichana wanapolala, vyandarua, vyoo na mlango unaofungwa kwa ndani. Uliza matroni ni nani na usiku analala wapi. Uliza mtoto akiugua anapelekwa kituo gani cha afya na ni nani anayekupigia simu. Mtu anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kukujibu.

Na liko jambo ambalo lazima nilitaje. Siku moja kijana wangu alinipigia simu akiomba shilingi 100,000 zaidi, akisema kwamba mmoja wa wasaidizi pale anawauzia "maswali ya uhakika" yaliyotoka ndani. Nilimkataza na nikaenda kumchukua siku tatu kabla ya kambi kwisha. Chini ya Sheria ya UNEB (Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda) ya mwaka 2021, mtu anayehusika na uvujaji wa mtihani anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 40 au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili, na mwanafunzi naye anaweza kupoteza matokeo yake yote. Mara nyingi maswali hayo ni ya uongo, lakini mtoto aliyeyaamini huacha kusoma mengine, na hasara inaanzia hapo. Mahali panaponong'ona kuhusu maswali ya uhakika, mtoe mtoto siku hiyo hiyo hata kama ada hairudishwi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Mbarara

Shikamoo Mama Rukia, shikamoo Mwalimu, shikamoo Baba Ayub.

Mimi ni mmoja wa wale watahiniwa wa kwanza wa mtaala mpya mwaka 2024, na sasa ninajiandaa kwa UACE, mtihani wa taifa wa Kidato cha Sita, kwa hiyo swali hili ni langu pia. Naomba niseme kwa upande wa mwanafunzi.

Katika likizo kama hiyo ya kwangu, tulikuwa wasichana wanne tusioweza kulipa ada ya kambi. Tulikutana nyumbani kwa mmoja wetu ambaye mama yake alitupa chumba. Kila asubuhi mmoja wetu alileta swali lenye habari ndefu, tukafunga madaftari yote, tukaandika kila mmoja peke yake kwa dakika arobaini, ndipo tukasomeana majibu na kufungua vitabu. Siku za kwanza zilitutia aibu sana. Nilidhani naijua mada ya usafirishaji katika mimea kwa sababu nilikuwa nimeisoma mara tano na kuipigia mistari ya rangi, lakini nilipofunga daftari nilibaki na sentensi mbili tu. Mada hiyo sijaisahau mpaka leo. Mara mbili kwa wiki tulimpelekea mwalimu wetu wa Biolojia majibu yetu naye akayasahihisha, na mwishoni tulimchangia fedha kidogo pamoja na mkungu wa matoke.

Jambo ambalo halikutufaa ni kwamba hatukufanya mazoezi ya maabara. Fizikia, Kemia na Biolojia kila moja ina karatasi ya vitendo, na hakuna anayejifunza kusoma bureti, ule mrija wenye vipimo unaodondosha kimiminika, kwa kuangalia picha. Nilipoingia katika chumba cha mtihani mkono wangu ulitetemeka wakati wa titresheni, yaani kudondosha kimiminika kimoja katika kingine tone kwa tone ili kupima nguvu yake, nikapitisha tone la mwisho mara mbili. Mama, ikiwa binti yako anataka ukunga, Kemia na Biolojia zitakuwa nguzo zake, kwa hiyo popote atakapokwenda, uliza kama kuna maabara, kama kuna kemikali za kutosha, na kama kila mtoto hushika vifaa kwa mikono yake. Kambi nyingi zenye makelele hazina hata mirija ya kupimia.

Naomba pia usimnyime siku ya kupumzika. Sisi tulipumzika Jumapili nzima, na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku tuliyoandika vizuri kuliko zote.

Mama Mdogo, Bombo

Kwa ufupi kuhusu masomo ya mtandaoni, ambayo tuliyajaribu hapa nyumbani. Bando lilitugharimu karibu sawa na ada yenyewe, kwa maana somo la Zoom la saa mbili kila siku halichezei data. Mwalimu alikuwa mzuri sana, lakini watoto walikuwa zaidi ya mia moja, kamera zote zimezimwa, na mara mbili nilimkuta wangu amelala huku simu inaendelea kufundisha. Kilichomfaa ni zile rekodi, kwa sababu aliweza kurudia mada moja ya Hisabati mara tatu bila kumwonea haya mtu. Ningeyachukua kama nyongeza kwa mtoto anayejua hasa anachokitafuta. Kwa mtoto ambaye bado hajui pengo lake liko wapi, nisingeyategemea.

Mwalimu Mstaafu, Mbale

Binti wa Mbarara, marahaba. Ulichokifanya na wenzako bila kuambiwa na mtu ndicho ambacho utafiti umekithibitisha, na ninakileta hapa ili Baba Rukia naye akisoma aone kwamba si maneno ya kumfariji mkewe. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma habari hiyo mara nne. Kundi jingine liliisoma mara moja tu, kisha likajaribu mara tatu kuiandika kutoka kichwani bila kuiangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliokuwa wakijijaribu walikumbuka takriban asilimia 61, na waliosoma tu wakakumbuka takriban asilimia 40.

Tazameni jinsi matokeo hayo yanavyowadanganya wazazi. Mtoto anayesomewa mfululizo siku nzima hurudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba ameelewa, na ukimwuliza jioni ile ile atakujibu vizuri, nawe utasifu kambi. Lakini mtihani hauji jioni ile. Unakuja wiki tano au sita baadaye. Basi mahali panapofaa ni pale ambapo mada iliyofunzwa Jumatatu inaulizwa tena Alhamisi, kisha tena wiki inayofuata, mtoto akiwa amefunga daftari. Liulize kila kambi swali hili: "Mada ya siku ya kwanza mtairudia lini?" Wengi hawana jibu, kwa sababu ratiba yao imejengwa ili kumaliza mada zote, na mada inayomalizwa hairudiwi.

Kuhusu usingizi, namuunga mkono Baba Ayub kwa nguvu zote. Kijana wa umri huo anahitaji saa nane au zaidi kila usiku, na ubongo hutumia usingizi kuyatia muhuri yale yaliyosomwa mchana. Ratiba ya kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, ukiondoa muda wa kuoga na kufua, haimwachii hata saa saba. Inamchukulia mtoto usiku kile ilichompa mchana.

Mama Rukia, Jinja

Mungu awajaze kheri nyote. Nimekaa siku nne bila kujibu kwa sababu nilitaka kwanza niyafanye mliyoniambia.

Tulikaa mezani na karatasi za mok, mimi, binti yangu, na baba yake aliyeanza kwa kusimama mlangoni na mwishowe akavuta kiti. Katika Kemia, sehemu kubwa ya alama zilizopotea ziliingia katika sababu ya pili. Alikuwa anayajua mambo lakini hakuyatambua ndani ya swali. Nilimsomea ile habari ya mama mfua nguo bila kumwambia ni mada gani, naye akaanza kuzungumzia maji machafu na vijidudu. Nilipomtajia maji magumu aliyamimina yote kama aliyesoma jana. Baba yake alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe anajua."

Katika Hisabati hali ni nyingine. Makosa yake yanaanzia katika aljebra ya Kidato cha Pili, hasa kuhamisha vitu kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine, na kila swali refu linaharibikia hapo hapo. Hilo ni la kufundishwa upya, na mwalimu wa Walukuba ameniambia bila kusita kwamba analiweza ndani ya wiki moja na nusu. Nilimwomba daftari la mwanafunzi wake, akanipa, na wino wake niliuona katika kila ukurasa. Nilikwenda pia katika ofisi ya ile kambi hapa mjini. Waliponiambia kwamba darasa moja lina watoto "kama sabini hivi" na kwamba maswali ya mazoezi hutolewa wiki ya mwisho, baba Rukia mwenyewe alinigusa bega tuondoke.

Tatizo langu lililobaki ni Kemia. Mwalimu wa Walukuba haifundishi, na sitaki mtoto awe na mwalimu wa asubuhi na mwingine wa mchana hadi nirudi kwenye ile ile kambi niliyoikimbia. Je, naweza kulipangaje?

Mwalimu Mstaafu, Mbale

Usiziweke siku moja. Hisabati iwe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi. Kemia iwe Jumanne na Alhamisi. Kwa Kemia, mwendee mwalimu wake wa shuleni kabla hawajafunga, kwa kuwa yeye ndiye anayemjua na ndiye mwenye ufunguo wa maabara, umwombe mambo mawili tu: ampe maswali sita yenye habari ndefu ambayo ataandika majibu yake nyumbani na kumpelekea asahihishe, na amwonyeshe upya jinsi ya kutumia bureti kabla vifaa havijafungiwa. Mwalimu mwema hatakataa maswali sita. Mtolee shukrani kwa namna utakayoona inafaa. Mchana awe peke yake na karatasi kwa saa mbili, si zaidi, halafu apumzike. Sokoni mtume tu, kutembea hadi sokoni na kurudi hakujawahi kumfelisha mtahiniwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Mbarara

Mama, kama atapenda kupata mwenzake wa kubadilishana majibu ya Kemia, nami nayarudia ya Kidato cha Nne ili kuimarisha msingi wangu. Ningependa kusoma anavyojibu, naye asome ya kwangu, tukosoane.

Mama Rukia, Jinja

Amekubali kwa furaha, mwanangu, na amesema atakuandikia mwenyewe kupitia simu yangu.

Jana nilikwenda shuleni. Mwalimu wa Kemia alinisikiliza, akacheka kwa upole kwamba hakuna mzazi aliyewahi kumwomba maswali badala ya notisi, akampa manane badala ya sita. Leo alasiri atamwonyesha titresheni yeye na wenzake watatu waliojiunga walipomsikia. Kwa Hisabati nimelipa nusu ya ada kama mwalimu wa Walukuba alivyopendekeza, nusu nyingine baada ya wiki ya kwanza nikiridhika. Fedha zilizobaki za kambi, baba yake amenunua taa ya sola ya kusomea na saa ya ukutani, ameitundika mbele ya meza. Swali la kwanza binti amelijibu jana usiku kwa dakika hamsini, ukurasa mmoja na nusu, na karatasi iko katika bahasha. Mwalimu atairudisha Alhamisi.